Siku Tuliyopimwa kwa Mizani ya Mpunga

Nilimtambua kwa shingo. Uso ulishabadilika, mvi zimemjaa, na ile miwani yake ya zamani haikuwepo, lakini shingo ile ndefu, iliyoinuka kila saa utadhani anapigwa picha, nisingeisahau hata ningezikwa nikafufuka. Alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo cha afya hapa Sange, katikati ya mama wenye watoto mgongoni, ameshika mkono wa kasichana ka miaka minane. Mkono mwingine ulishika daftari. Mimi nilikuwa mlangoni na koti langu jeupe, na nikwambie ukweli rafiki yangu, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huruma. Nilifurahi. Nilisema moyoni, leo umenijia mwenyewe, kwa miguu yako.

Wewe unanifahamu kama mama wa lishe kutoka Uvira, yule anayepanda na kushuka barabara ya bonde la Ruzizi na mizani yake juu ya pikipiki, anayefundisha manesi na wazazi namna ya kusoma IMC ya mtoto, yaani uzito wake ukilinganishwa na urefu wake. Mara ngapi umeniuliza kwa nini ninakuwa mkali mtu akitaja kwa sauti kilo za mtoto wa mwenzake? Umeshaniona nikimtoa nesi mzima nje ya chumba kwa kosa hilo. Nilikuwa nikicheka na kukuambia ni tabia yangu mbaya. Haikuwa tabia. Kaa nikuhadithie, na usinikatize.

Mimi nililelewa na bibi mzaa mama, ambaye tulimwita Tate. Mama yangu alifariki nikiwa bado ninatambaa, na baba alikwenda Lubumbashi kutafuta kazi. Barua zake zikawa chache, halafu hazikuja tena. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya soko, ukuta wa udongo na bati zilizolia jua likiwaka. Asubuhi niliamshwa na mashine ya kukoboa mpunga. Ilikohoa mara tatu kabla ya kuwaka, kisha mtaa mzima ukanuka pumba za moto. Hadi leo nikisikia harufu ya pumba, tumbo langu linajua ni saa ya kula.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuamia ndege. Mpunga ukianza kubeba, vile vindege vidogo vinashuka kama vimealikwa, na shamba lisilo na mtoto wa kuvifukuza haliachiwi kitu. Tulikimbia juu ya matuta tangu alfajiri mpaka kengele ya shule, tukipiga makopo, tukirusha madongoa ya tope kwa ncha ya fimbo, tukipayuka hadi koo linakauka. Shule ikiisha, tunarudi tena. Sasa niambie, mtoto wa kukimbia hivyo atapata mashavu wapi? Tulikuwa na miguu myembamba, migumu, na tulikula vizuri. Tate alipika bugali ya muhogo, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese na karanga, na dagaa zetu za ndagala zilizotoka Uvira zikiwa bado na mchanga wa ziwa. Alinipakulia mimi kwanza. Siku ndagala zikiwa chache alidai meno yanamuuma, na mimi mjinga nilimwamini.

Na huyo bibi alikuwa na cheo chake. Pale parokia, ikifika sikukuu au ubatizo, mama wote wa kikundi walileta vyakula vyao, lakini sufuria kubwa ilishikwa na mtu mmoja tu. Tate ndiye aliyeonja chumvi. Hakuna aliyetia mwiko kabla yake. Alivaa kikwembe chake cha bluu, akakunja mikono ya blauzi, na padri mwenyewe alipita kando ya jiko kwa adabu. Mwili wake ulikuwa mkubwa, mikono minene, kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Nilimjivunia kuliko mtoto wa mwenye duka anavyojivunia duka.

Alikuwa na desturi moja ambayo lazima uielewe, maana kila kitu kilitoka hapo. Kila mavuno yakiisha alinisimamisha kwenye mlango wa jiko, miguu wazi, kisigino kimegusa mbao. Alichukua kamba ya mgomba iliyokauka vizuri, akaivuta kutoka kisiginoni mpaka utosini, akaikata hapo hapo. Halafu ile ile kamba aliizungusha kwenye mkono wangu, juu ya kiwiko, na pale ilipokutana akapiga fundo. Basi. Kamba moja ilikuwa na urefu wangu mzima, na fundo lilionyesha unene wangu. Akaitundika kwenye msumari, kando ya zile za miaka iliyopita.

Mwaka mmoja niliumwa malaria muda mrefu. Ilipofika siku ya kamba, urefu ulikuwa umeongezeka lakini fundo lilikuwa limerudi nyuma. Tate hakupiga kelele. Alizishika kamba mbili, ya mwaka ule na ya mwaka uliopita, akazilinganisha, na kuanzia siku ile nikawa ninapewa yai kila asubuhi na uji wa karanga mpaka nikamwomba aniache. Mavuno yaliyofuata fundo lilikuwa limevuka lilipokuwa. Alikuwa na maneno yake: "Unene bila urefu haiwezi kuniambia kitu. Na mwaka moya bila mwaka ingine, pia hapana."

Nimekaa darasani Bukavu miaka mitatu kufundishwa maneno hayo hayo kwa Kifaransa. Unachukua kilo za mtoto, unazigawanya kwa urefu wake, unagawanya tena kwa urefu. Namba unayopata, peke yake, bado ni bubu. Kwa mtu mzima kuna mstari mmoja, ukiwa chini ya kumi na nane na nusu unaambiwa umekonda, hakuna wa kuuliza una miaka mingapi. Kwa mtoto anayekua, hapana! Unauliza kwanza ana miaka mingapi na miezi mingapi, ni msichana au mvulana, ndipo unatafuta mahali pake kwenye mchoro wa watoto wa umri wake. Maana namba ya mtoto inatembea. Baada ya utoto wa maziwa inashuka yenyewe, inafika chini kabisa kwenye miaka mitano au sita, halafu inaanza kupanda taratibu mpaka anabalehe. Namba ya mtoto mzima wa afya, ukiipeleka kwenye mstari wa wakubwa, itakuambia anakufa. Na hata ukiwa na mchoro wenyewe, kipimo cha siku moja hakihukumu. Unamfuata mtoto yule yule, unaangalia anafuata njia yake au ameiacha. Tate alifanya hivyo kwa kamba na msumari, bila kujua kusoma.

Sasa nikupeleke kwa direkta. Alikuwa direkta, mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi, kijana bado, mwenye shingo ile ndefu, suruali iliyonyooshwa na kiu ya kusifiwa. Mwaka niliokuwa darasa la nne, watu wa mradi fulani walipita, wakaacha ubao wa kupimia urefu na tablo kubwa ya IMC yenye rangi, kijani, njano na nyekundu. Walisema watarudi kufundisha namna ya kuitumia. Hawakurudi, na direkta hakuwa mtu wa kungoja kufundishwa. Alitaka kuitundika tablo ofisini ndani ya fremu ya kioo. Karatasi ilikuwa ndefu kuliko fremu, basi akachukua mkasi akakata kipande cha juu, kile chenye kichwa cha habari. Tulimwona akikata, sisi tuliokuwa tunafagia.

Mizani hakuwa nayo. Akaazima ya depo ya mpunga, ile ya chuma ya kusimamishia magunia, na ikaja na mpimaji wake. Huyo mpimaji bonde lote lilimjua. Gunia likipanda, haiti kilo anayoiona; anatoa kwanza kilo mbili, moja ya gunia na moja ya unyevu, ndipo anaita kwa sauti. Alikuwa amefanya hivyo miaka na miaka. Direkta akawaita wazazi waje kushuhudia, wakajaa uani, na Tate alikuwa mbele na kikwembe chake cha bluu, kwa sababu alidhani ni sherehe.

Tulipanda mmoja mmoja. Mpimaji aliita kilo, mwalimu akaita urefu, direkta akapiga hesabu kwenye karatasi, akageukia tablo na kutangaza. "Nyekundu!" Mwingine akapanda. "Nyekundu!" Karibu darasa zima lilikuwa nyekundu. Mtu mwenye akili angejiuliza kama ubaya uko kwa watoto au uko kwa karatasi. Yeye alizidi kupandisha sauti. Wale watano tuliokuwa na namba ndogo kabisa alitupanga mbele, tumevua mashati, mbavu zikionekana, na mimi nikawa wa mwisho mkiani na kumi na tatu na kitu. Akasema, "Hawa batoto banakufa njaa mu nyumba zao. Na wenye kubalea, mubaangalie, bananenepa!"

Macho yote yakamgeukia bibi yangu, na mwili wake mkubwa. Niliona anavyojishika kikwembe kifuani. Hakuwa mtu wa kunyamaza lakini. Alimwendea mpimaji. "Weye! Mutoto haiko gunia! Juu ya nini unatoa kilo ya gunia? Minye nimeona mushale, imesimama kwa makumi mbili na tatu, weye umeita makumi mbili na moya!"

Watu wakapasuka kucheka. Mpimaji akajikuna kichwa, akasema, "Aka! Kweli, mama. Ni mazoea." Alikuwa amewatolea gunia na unyevu watoto wote, mmoja baada ya mwingine. Kwa dakika moja nilifikiri tumeshinda. Direkta akapiga hesabu upya kwa kilo zangu zote, akapata kumi na nne na kitu, akaweka rula kwenye tablo. "Unaona, mama? Hata tukikurudishia kilo zako, bado iko nyekundu." Kicheko kikaisha.

Kesho yake Tate alinishika mkono tukaenda ofisini kwake. Alifungua fundo la kikwembe, akazipanga kamba zangu zote mezani, fupi mpaka ndefu. Alikuwa ametulia, amejiandaa kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi. "Direkta, huyu mutoto anakomaa. Angalia weye mwenyewe. Kila mavuno kamba inaongezeka, fundo nayo inaongezeka. Hapa alikuwa mugonjwa. Hapa amepona."

Direkta hakuzigusa. Alisukuma kiti nyuma, akatoka mlangoni, akawaita mama wawili wa kikundi cha parokia waliokuwa wanapita. "Mukuje muone! Kamba ya mutoto, kila mwaka na fundo yake. Ndiyo maana hakomae. Amemufunga!" Tate alicheka mwanzoni, alidhani mtu anatania. Halafu akaona nyuso za wale mama, nyuso za watu waliosikia uchawi. Direkta alizibeba kamba kwa ncha ya rula, akazitupa uani, akamwaga petroli na kuwasha kiberiti. Zilikuwa kavu, ziliwaka mara moja.

Nilimng'ang'ania mguu. Nilimuuma, na sijuti, ningemuuma zaidi kama meno yangu yote yangekuwa yameota.

Hakuna aliyempiga Tate. Hakuna aliyemfukuza Sange. Wewe unajua bahati hiyo ni kubwa, kuna bibi wa huku waliochomewa nyumba kwa maneno madogo kuliko hayo. Yeye walimfanyia jambo moja tu. Ubatizo uliofuata alifika parokia mapema, akakunja mikono ya blauzi, akaiendea sufuria. Mama mmoja, kwa sauti nzuri kabisa, akamwambia, "Leo upumuzike, muzee." Akapumzika. Alikaa kwenye kiukuta kando ya jiko, mikono ya blauzi bado imekunjwa, mpaka watu wote walipokula. Sikukuu iliyofuata akaambiwa apumzike tena. Nyumbani alianza kutia chumvi kidogo, kana kwamba hajiamini.

Direkta hakuishia hapo. Alimwandikia shangazi yangu wa Uvira, dada yake baba, kwamba mtoto wa ukoo wao anaangamia. Shangazi alifika kwa gari la soko, akanichukua siku ile ile. Tate alisimama barabarani na kimfuko cha karanga. Hakulia. Aliniambia tu, "Kule ukule. Ukule sana, basiseme tena." Nikafikiri anataka ninenepe. Alikuwa anataka jina lake lisafishwe.

Kule Uvira tulikaa Kalundu, juu ya bandari. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Nilifua, nilibeba maji, nilikula samaki wa mukeke na wali, na jioni ziwa lilileta moshi wa samaki mpaka chumbani. Sasa sikiliza ujanja wa mambo. Nilikuwa na miaka kumi, kumi na moja, na mwili wa msichana wa umri huo unaanza kuongezeka wenyewe, namba inapanda kwa kila mtoto, awe Sange awe Uvira, ale mukeke ale ndagala. Ndivyo tunavyokua. Lakini habari zilipofika Sange kwamba nimejaa, walisema, munaona? Ametoka tu mikononi mwa yule mama, akakomaa. Kukua kwangu kukawa ushahidi dhidi yake. Fikiria hilo. Kila kilo niliyoongeza ilimchimbia shimo.

Tate alifariki nikiwa darasa la sita. Nilipelekwa kwenye matanga. Wale mama wa kikundi walikuja, waliimba vizuri, walipika wali mwingi, na wali ulikuwa na chumvi ya kuchoma ulimi. Nilikula wote. Nilimwangalia direkta kwenye safu ya wageni wa heshima, na shingo yake, nikaapa. Siyo kiapo cha mtoto cha kusahau kesho yake. Niliapa kwamba mtu yule, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya wanawake wa Sange, atasema alichomfanyia bibi yangu.

Vita vilitutawanya, shule zilifungwa na kufunguliwa, lakini nilisoma. Bukavu, mwaka wa kwanza wa lishe, mwalimu wetu alifungua karatasi ukutani, na nikaiona. Tablo ile ile, kijani, njano, nyekundu. Ila hii ilikuwa na kipande chake cha juu. Kilisema kwa herufi kubwa kwamba ni ya watu wazima tu, na kwamba watoto wana mchoro wao. Nilitoka darasani nikaenda kutapika nyuma ya jengo. Wenzangu walidhani nina mimba.

Kwa hiyo sasa unaelewa benchi lile la wiki iliyopita.

Nilichukua vitabu vya kliniki vya watoto wote, cha kasichana kake nikakiweka chini kabisa. Makusudi. Akakaa asubuhi nzima. Kila nikiita jina lingine niliona anasogea kidogo kwenye benchi, anamwangalia yule mjukuu wake, anafungua daftari na kulifunga. Jua lilifika miguuni pake na hakuhama. Nilikunywa chai yangu polepole. Usinihukumu, wewe hukuwa na bibi kwenye kiukuta kile.

Alipoingia hakunitambua. Nilimwambia tu, "Karibu, direkta," akafurahi. "Kumbe unanijua, mama! Ee, minye ndiye nilileta hii mambo ya IMC hapa Sange, mbele ya bote. Ile mwaka niliokoa batoto bengi." Niliokoa! Kalamu ilinitoka mkononi. Halafu uso wake ukaporomoka, akanisogezea daftari, kurasa nzima za namba kwa mwandiko wake mzuri. Wazazi wa mtoto wako Lubumbashi, walimwachia. "Lakini huyu wangu, mama, naona ananiponyoka. Nimepima mwenyewe. Kumi na ine na nukta ine. Nyekundu kabisa. Ninamulisha kwa nguvu, anatapika. Minye silale tena. Watu baseme nini, kwamba namunyima?"

Unaona mahali Mungu aliponiweka? Nilihitaji kunyamaza tu. Ningesema "tutaona", nikamrudisha nyumbani na tablo yake, na hofu ingemla taratibu, kama ilivyomla mwingine. Sitakudanganya, nilikaa na wazo hilo, na lilikuwa tamu.

Aliyeniharibia ni mtoto. Nilimpima peke yake nyuma ya pazia, na alipokuwa juu ya mizani alishika gauni lake kwa mikono miwili, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Minye niko mubaya?" Alikuwa anafuata njia yake vizuri kabisa kwenye mchoro wa wasichana wa miaka minane, mwembamba kidogo, macho angavu, hana homa, hana uvimbe miguuni. Nilimnong'oneza sikioni kwamba ni mzima, kwamba hakuna wa kumlazimisha kula tena, ale njaa ikimshika. Akashusha gauni, akashuka.

Huyo nilimwachia amani yake. Babu yake, hapana.

Nilitoka naye uani, kwa wale mama wote waliokuwa wananingoja kwa mafunzo ya mchana. Nilitundika karatasi mbili kwenye ukuta, ya wakubwa na ya watoto. Nikamwambia, "Direkta, tusomee." Alisimama, shingo ikanyooka, akasoma vizuri, maana alizoea kusomea watu. Alipofika kichwa cha karatasi ya kwanza sauti ilipungua. Akairudia. Akahamia ya pili, akaweka kidole kwenye miaka minane, akakipandisha mpaka kumi na nne na nukta nne, kikasimama mahali pa watoto wazima.

"Basi ile mwaka," akasema bila kugeuka.

"Ile mwaka," nikamwambia.

"Batoto bote?"

"Karibu bote balikuwa bazima. Na minye nilikuwa wa mwisho mu ile safu, nilikuuma mu muguu. Tate yangu alikuletea kamba."

Aligeuka akanitazama. Nilimwona akitafuta, kwa kweli alitafuta, macho yakizunguka. Mguu aliukumbuka. "Kamba?" akasema. "Kamba gani, mama?"

Hakukumbuka! Miaka yote ile mimi nimelala na moto ule machoni, na yeye hakuwa nao hata kwenye mfuko wa nyuma. Nilitaka kumpiga. Nilimwambia, "Utasema. Hapa. Mbele yao."

"Kama kulikuwa na mama muzee…"

"Hakuna kama!"

Mjukuu wake alikuwa amemshika suruali, anamwangalia. "Kulikuwa na mama muzee," akasema. "Hakuwa mulozi. Hakumunyima mutoto chakula. Alijua kupima kuliko minye. Minye nilisoma mubaya, na nikamuharibia jina." Kisha akakaa chini, pale pale kwenye saruji, mzee mzima, na hakuna aliyemwinua. Sikumwinua mimi. Sijamsamehe, na kama unangoja nikuambie kwamba nimemsamehe, utangoja sana.

Niligeuka kuwaangalia wale mama. Hapo ndipo nilipotaka kuona nyuso zao, ndicho kitu nilichokingojea miaka ile yote, mabega yakishuka, mtu akijishika mdomo, mtu akisema, Yesu, tulimfanya nini yule mama. Walikuwa wananiangalia kwa heshima. Walikuwa wasichana, wengi wao hawakuwa wamezaliwa wakati ule. Wale waliomwambia apumzike, wengine wamekufa, wengine walivuka Ruzizi kwenda Burundi wakati wa vita wakabaki huko. Nyumba yetu nyuma ya soko sasa wanauza simu. Jiko la parokia lilishajengwa upya kwa matofali. Hakukuwa na mtu mmoja uani pale aliyewahi kula kwenye sufuria yake.

Mama mmoja wa mbele, na mtoto wake kwenye titi, akauliza taratibu, "Mama muzee gani huyo?"

"Bibi yangu," nikamwambia.

Akasema pole. Halafu akamtoa mtoto kwenye titi, akamfuta mdomo kwa pindo la kikwembe, akauliza kama zamu yake ya kupima imefika.